Firigisi ya Kipa

Cadette alipoambiwa kwamba hatalinda goli tena, hakulia wala hakugomba. Aliuliza swali moja tu: kuanzia sasa, firigisi atakula nani?

Swali lilimwendea Fidèle, kocha mpya. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano, amepewa timu ya wanawake ya Mapendano wiki tatu tu zilizopita, na katika hizo wiki tatu alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa matusi, hata kwa kurushiwa kiatu. Firigisi hakuifikiria. Akafungua daftari lake, akalifunga, akakohoa. Wachezaji waliokaa kwenye nyasi za uwanja wa shule walitazama vidole vya miguu yao, maana kila mmoja alijua kwamba Cadette, kapiteni wao, hafanyi mzaha.

Sheria ilikuwa hivi. Mjini Kasongo, nyumba iwe ya Waislamu au ya Wakristo, kuku akichinjwa firigisi ni ya baba. Mama ataipasua, ataisafisha, ataipika, ataiweka juu kabisa kwenye sahani ya mume wake na kuisindikiza kwa macho. Kwa hiyo wanawake wa Mapendano, walipoanza kuchanga ili wapike kuku kila baada ya mechi, walikubaliana siku ya kwanza kabisa: mapaja na mabawa yagawanywe vyovyote, lakini firigisi ni ya kipa, kwa sababu ndiye anayepigwa mateke ya mbavu. Cadette alikuwa kipa kwa miaka kumi na mmoja. Wakishinda, alikula. Wakishindwa, alikula. Siku walipofungwa mabao saba kule Nyangwe alikula vilevile, huku akilia, na hakuna aliyethubutu kumwomba hata kipande.

"Bon, atakula kipa," Fidèle alisema mwishowe. "Ni sheria yenu, Mama Aimée. Mimi sikuiandika."

"Nimesikia," Cadette akajibu.

Mwalimu huyo alikuwa amewatoa wakongwe watano kwa mpigo mmoja. Mahali pao aliweka wasichana: watatu wa shule ya sekondari, mmoja mzaliwa wa Nyangwe aliyehamia mjini, aliyekimbia kama mtu aliyeiba mkate, na huyu wa golini, Plamedi, binti wa miaka kumi na minane kutoka Lusangi. Nyuma alimbakiza Dieudonnée, mama yake Laura, beki mnene mwenye hasira, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuupiga mpira kutoka kwao ukafika kwa jirani. Cadette hakufukuzwa. Alipewa cheo. Angekuwa mshauri wa timu, na mshauri wa timu ndiye anayebeba ndoo ya maji na mfuko wa malimau.

Ilibaki kukabidhi glavu. Timu nzima ilikuwa na jozi moja, na kidole gumba cha glavu ya kushoto Cadette alikuwa amekishona mwenyewe mara tatu kwa uzi uliochomolewa kwenye gunia la unga. Akazivua taratibu. Plamedi alikuja akapiga magoti kidogo, akazipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Mama Aimée." Cadette alimtafuta dharau usoni, hakuiona, akazidi kuudhika.

"Na huyu mutoto atalala wapi?" Dieudonnée akauliza.

Timu ilikuwa na sheria nyingine: mchezaji anayetoka mbali analala kwa kapiteni. Sheria hiyo aliitunga Cadette mwenyewe, mwaka ule alipomtaka timuni kwa vyovyote mshambuliaji mmoja wa Kabambare. Wachezaji walirudi kutazama vidole vyao.

"Beba kifurushi chako," Cadette akamwambia binti. "Twende."

*

Yves, mume wake, alikuwa fundi baiskeli, na kazi yake aliifanya mbele ya nyumba, chini ya kibanda cha mabati. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amelalamika kuhusu mpira. Alilalamika mboga ya sombe ikichelewa, akalalamika shati lake likifuliwa pamoja na soksi zenye matope, na Jumapili zote alitangaza kwa sauti kwamba mwanamke mwenye watoto wanne hana haki ya kujitupa chini mbele ya watu. Basi Cadette alitegemea angalau mtu mmoja atafurahi.

"Wamekutoa?" Yves aliweka spana chini. "Nani amekutoa?"

"Fidèle."

"Ule mwalimu wa tai fupi? Anajua nini ya mupira?"

"Si ni wewe kila Jumapili unasema niache?"

"Nilisema uache. Sikusema wakutoe. Haiko kitu moja." Akamwona Plamedi nyuma ya mkewe, mrefu, kifurushi kichwani. "Na huyu ni nani?"

"Ndiye amekamata nafasi yangu. Atalala na Aimée."

Yves aliokota spana yake na kuikaza nati ambayo ilikuwa imekazwa tangu asubuhi.

Mama Marguerite, mama yake Yves, aliishi nao, na yeye hakuwa na habari na mpira. Alikuwa na habari na adabu. Mgeni amefika, kuku achinjwe. Ilipofika saa ya kula aliweka sufuria katikati, akamwambia Plamedi ajipakulie wa kwanza, kama inavyompasa mgeni. Binti akatazama ndani. Hakutaka aonekane mlafi katika nyumba ya watu. Akayapita mapaja, akakipita kidari, akachagua kipande kidogo kuliko vyote, akakiweka juu ya bugali wake na kukitia kinywani.

Kilikuwa firigisi.

Aimée, mwenye miaka kumi na minne, alifunika mdomo kwa kiganja. Mama Marguerite aliuacha mkono wake hewani na tonge lake. Yves akamtazama binti akitafuna, akamtazama mpaka akameza, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole kanisani, "Kula, binti yangu. Kula tu. Ujisikie nyumbani."

"Nimekosa?" Plamedi aliuliza.

"Kwenu firigisi anakula nani?" Mama Marguerite akamwuliza.

"Kwetu tuko wawili, mimi na nyanya. Anakula mwenye ataiona."

Cadette aliinamisha kichwa. Alitaka kukasirika. Huyu mtoto kwa siku moja alikuwa amemnyang'anya firigisi yeye, na sasa amemnyang'anya mume wake ya kwake. Lakini uso wa Yves ulikuwa umenyong'onyea sana, na ilimbidi ajifanye amepaliwa na pilipili ili apate nafasi ya kucheka.

*

Mapendano ikaanza kushinda. Ilishinda Jumapili ya kwanza, ikashinda ya pili, ikashinda ya tatu mabao manne kwa bila. Wasichana walikimbia mpaka dakika ya mwisho, wale wa sekondari walipigiana pasi ambazo wakongwe walikuwa wakizisikia redioni tu, na vijana wa pikipiki walioacha kuja uwanjani siku nyingi walirudi, wakaegesha pikipiki zao pembeni na kukaa juu yake. Habari kubwa ilikuwa mikono ya Plamedi. Mpira ukija juu, ukija chini, ukija ukizunguka, aliudaka bila kishindo, kana kwamba mtu amempokeza.

Siri yake haikuwa kubwa. Kule Lusangi watu wa dhahabu wakipata kitu wanajenga, na wakijenga wanataka matofali. Plamedi alisimama miaka miwili juu ya tanuru, wenzake wakimrushia matofali kutoka chini, mawili mawili, naye akiyadaka na kuyapanga. Ukikosa tofali linakupiga kifuani. Mpira, baada ya hayo, ni kitu chepesi.

Cadette aliuza mafuta ya mawese sokoni, na wateja wakaanza kumletea sifa za binti pamoja na chupa zao. "Mama Aimée, kipa yenu ile iko moto!" Alipima mafuta, akafunga kizibo, akasema ndiyo, iko moto. "Ulimutoa wapi?" Sikumtoa, alitoka mwenyewe. Mama mmoja alisema kwa nia njema kabisa kwamba sasa Cadette atapumzisha goti lake, na Cadette akamshukuru, halafu akakaa kitako na kuhisi goti hilo likiuma kuliko lilivyouma siku yoyote uwanjani.

Jumapili, baada ya ndoo na malimau, Dieudonnée alipakua kuku uani kwake. Firigisi ilikwenda kwa Plamedi. Alikuwa ameshaelezwa sasa ni kitu gani, akajaribu kuikataa, wakamlazimisha. Cadette alipewa shingo.

Nyumbani ndiko mambo yalikoharibika. Cadette alikuwa amepiga kelele nyuma ya mabeki kwa miaka kumi na mmoja, na sauti ile haikukubali kukaa bure. Ikahamia uani. "Aimée, kushoto, kushoto! Nani anafunga mulango? Yves, rudi nyuma, unaacha nafasi!" Yves aliyekuwa amebeba tairi alirudi nyuma kweli, akaangusha kopo la grisi. Mbuzi wa jirani aliyezoea kupenya nyuma ya choo alikoma kupita. Watoto walikula wakiwa wamejipanga. Siku ya kumi na mbili Yves alimfuata mkewe jikoni, akasimama mlangoni akikuna kichwa.

"Mama Aimée, nakuomba. Rudi ku mupira."

"Wamenitoa."

"Basi uende usimame tu karibu na uwanja, useme mpaka uchoke. Huku tumechoka sisi."

Alicheka yeye mwenyewe, na Cadette akacheka, kisha kicheko kikamkatikia Cadette njiani, machozi yakamtoka. Yves hakujua la kufanya na mikono yake yenye grisi. Akasimama pale pale mpaka mkewe alipomaliza kulia.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Cadette hakumwambia hata mumewe. Alikuwa ameiona kasoro ya Plamedi tangu mechi ya kwanza. Binti hasemi. Kipa anaona uwanja wote. Kazi yake nusu ni mikono, nusu ni mdomo. Anamwambia beki toka, acha, ni yangu. Plamedi mpira ukija alikuwa anaanza, "Mama Laura, tafazali, kama inawezekana..." na kabla hajafika kwenye inawezekana mpira ulikuwa umeshapita. Dhidi ya timu dhaifu haikuonekana. Dhidi ya Kabambare ingeonekana. Mechi ya Kabambare ndiyo iliyokuwa kubwa, maana atakayeshinda angekwenda kucheza Kindu, mji mkuu wa jimbo.

Angeweza kusema. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Kila jioni alimtazama binti akiosha vyombo vyake bila kutumwa, akajiambia kesho nitamwambia, na kesho ikifika akabeba ndoo yake akanyamaza. Alijua kabisa anangoja nini, na aliona aibu, na bado alinyamaza.

*

Kilichongojwa kilikuja Jumapili ya nne, Nyangwe walipokuja kwa mechi ya kirafiki. Krosi ilipigwa juu. Plamedi alitoka kuifuata, Dieudonnée naye akarudi kuifuata, na kila mmoja hakumwona mwenzake. Waligongana kwa kishindo kilichosikika mpaka kwenye pikipiki. Mpira uliangukia miguuni mwa mchezaji wa Nyangwe, ambaye aliusukuma golini bila haraka. La pili lilikuwa hivyo hivyo. La tatu Dieudonnée alijifunga mwenyewe kwa kichwa, huku kipa wake nyuma akisema, "Mama Laura, pardon..."

"Pardon ya nini?" Dieudonnée alimfokea, damu ikimtoka puani. "Uko kanisani? Sema toka! Neno moja, toka!"

"Siwezi kukuambia toka, Mama Laura."

Walifungwa tatu kwa moja. Kuku waliliwa haraka haraka. Firigisi ilibaki peke yake sufuriani mpaka ikapoa, kwa sababu Plamedi aliondoka kabla haijapakuliwa na hakuna mwingine aliyekuwa na haki nayo.

Fidèle alimvuta Cadette pembeni. Alikuwa ameilegeza tai yake.

"Kabambare utalinda wewe, Mama Aimée. Nilifanya mbio sana. Mutoto iko na mikono, lakini haiko na kinywa."

Hapo Cadette alipata alichokitaka. Alitembea kwenda nyumbani akiwa na glavu alizorudishiwa, ziko mfukoni, akasalimiwa njiani, akaitikia, na furaha aliyoingoja haikuja. Iliyokuja ni picha ya binti yule akisimama peke yake kati ya miti ya goli, watu wakimzomea kwa kosa ambalo kuna mtu aliliona mwezi mzima akalifungia kinywani. Alijiona mdogo. Alijiona mdogo kuliko siku ile ya mabao saba.

Nyumbani alimkuta Plamedi anafunga kifurushi chake. Aimée amekaa karibu, amenuna.

"Unaenda wapi?"

"Lusangi, Mama Aimée. Ku matofali. Nimewaharibia."

"Juu ya nini hausemi uwanjani? Hauna sauti?"

"Niko nayo." Binti alikaza fundo la kifurushi. "Ila juu ya tanuru hatusemi. Ukifungua kinywa vumbi inaingia. Na pia Mama Laura ni mama ya watu. Kwetu ukiita mama ya watu kwa jina lake, ukimwambia toka, nyanya anakupiga na mwiko."

Cadette akaketi kwenye kigoda. Hii ndiyo kasoro? Mtoto huyu alikula firigisi ya mwanamume kwa sababu ya adabu, na sasa amefungwa mabao matatu kwa sababu ya adabu.

"Sikia," akasema. "Niliona hii kitu tangu zamani. Tangu mechi ya kwanza. Nilinyamaza, juu nilitaka ushindwe." Aliona ni afadhali aliseme lote. "Ni mimi nimekosa. Weka ile kifurushi chini."

Plamedi alilegeza fundo polepole. Akaweka kifurushi chini.

*

Asubuhi yake walianza mazoezi uani. Cadette alijitwika beseni la maji, akaanza kutembea mbele bila kutazama chini. Kazi ya Plamedi ilikuwa moja: kumzuia kwa sauti kabla hajagonga kitu.

"Mama Aimée, tafazali, mbele yako kuko..."

Cadette aligonga kamba ya nguo. Maji yakammwagikia mgongoni.

"Tena. Pale uwanjani siko mama ya mutu. Niko kitu imesimama mbele yako. Utaita Cadette, utasema toka."

"C... Mama C..."

Aligonga baiskeli ya mteja. Yves alikuja kutazama, akakaa chini kabisa, akaiacha kazi. Majirani wawili wakaegemea ua. Mara ya tatu Cadette alijaza beseni upya, akakunja kushoto, akaelekea moja kwa moja kwenye mkeka ambako Mama Marguerite alikuwa ameanika mihogo yake tangu jana.

"Mama Aimée..." Plamedi akanong'ona, mkono kifuani. "Mama Aimée, pardon, mihogo ya nyanya..."

Mguu wa Cadette ulikuwa hewani juu ya mkeka.

"CADETTE!" ilitoka sauti kutoka kibarazani ambayo haijawahi kusikika tangu Mama Marguerite alipokuwa na meno yote. "TOKA!"

Cadette aliruka nyuma, beseni likaanguka. Alikuwa amekaa miaka kumi na mitano katika nyumba hiyo na mama mkwe wake hakuwahi kumwita kwa jina lake la ubatizo.

"Umesikia?" akamwambia Plamedi, akihema. "Ni vile."

"Mimi niko na haki," Mama Marguerite alisema, akijifunika khanga vizuri. "Ni mihogo yangu."

"Na goli ni yake," Cadette akajibu.

Kikongwe alilifikiria hilo. Kisha akamwita Plamedi karibu, akamshika kidevu. "Mutoto, adabu ni ya mezani. Ukiwa na kitu ya kuchunga, piga kelele. Nyanya yako akiuliza, umwambie ni Marguerite wa Kasongo amekupa ruhusa."

Kufika jua la utosi binti alikuwa amepata sauti. Ilianza nyembamba, ikakua, ikawa kubwa hata mbuzi wa jirani, aliyekuwa ameanza kurudi, akaghairi. Aimée alifurahi sana kuona mama yake akiamrishwa, akadai naye apewe zamu. Hakupewa.

Jioni Cadette alikwenda kwa Fidèle na glavu mkononi.

"Umuweke Plamedi ku goli. Mimi uniweke nyuma, pembeni ya Dieudonnée."

"Haujacheza nyuma hata siku moja, Mama Aimée."

"Miaka kumi na moja nimetazama migongo yao. Najua makosa yote inapitia wapi. Na ule mutoto akiweza kuniita mimi, ataita hata gavana."

Fidèle alitafuta ukurasa katika daftari lake na kuandika, polepole, kwa mwandiko wa ubaoni.

*

Walikwenda Kabambare kwa pikipiki, wawili wawili nyuma ya dereva, na kila penye tope walishuka wakasukuma. Walifika nguo zote zina rangi moja. Watu wa Kabambare walikuwa wamejaa pande zote nne za uwanja na walikuwa na maneno. Walipomwona Cadette kwenye ulinzi wakauliza kwa sauti kama Kasongo wamekuja na nyanya wa kuwapikia.

Mechi haikuwa nzuri. Uwanja ulikuwa na mabonde, mpira ulikuwa mzito, na Cadette katika nusu saa ya kwanza aliupiga upepo mara mbili, watu wakacheka kwa raha. Yule msichana wao mzaliwa wa Nyangwe alifunga bao moja kwa mbio zake. Baada ya hapo Kabambare walikuja wote. Walikuja kushoto, wakaja kulia, Plamedi akadaka, akadaka tena, lakini bado kimya, na Cadette alimsikia nyuma yake akivuta pumzi kila mara kama anayetaka kusema, halafu hasemi.

Ikabaki dakika mbili. Kona. Mpira uliruka juu, ukaja ukishuka katikati kabisa, na Cadette akauona vizuri. Ulikuwa wake. Miguu yake ilijua, kichwa chake kilijua, miaka yote kumi na mmoja ilijua. Goti likajikunja tayari kuruka, na pembeni yake Dieudonnée alikuwa anakuja vilevile, kifua mbele.

"CADETTE, TOKA! DIEUDONNÉE, CHINI!"

Uwanja mzima uliisikia. Cadette alijitupa pembeni kifudifudi, Dieudonnée akachuchumaa kama aliyepigwa na radi, na juu yao kivuli kirefu kikapita. Kisha ukasikika ule mlio mdogo wa mpira kuingia kati ya viganja viwili, na hakuna kingine.

Cadette alibaki pale chini, tope mdomoni, akicheka. Plamedi aliukumbatia mpira, macho yamemtoka kwa kuogopa alichokisema. "Pardon, Mama Aimée," akanong'ona. "Pardon, Mama Laura."

"Piga mupira mbele!" mama wote wawili wakamfokea kwa pamoja.

Walishinda moja kwa bila. Wenyeji waliwapikia kuku, maana Kabambare wanajua kutania na wanajua pia kulisha, na mpishi alipouliza firigisi apewe nani, Plamedi aliichukua na sahani yake, akaja mbele ya Cadette, akapiga magoti.

"Kula wewe, Mama Aimée."

Mate yalimjaa Cadette kinywani. Ilikuwa firigisi kubwa, imekaangwa vizuri, ina pilipili juu.

"Nani alikuwa ku goli?"

"Mimi."

"Basi usinijaribu. Kula mbele yangu nikuone."

*

Walirudi Kasongo Jumatatu mchana. Yves alikuwa amefunga kibanda chake, na uani kulikuwa na manyoya ya kuku na moshi. Aimée alikuwa amepika, bugali una mabonge kidogo. Walikaa wote, na Cadette na Plamedi wakasimulia mechi mara mbili, mara ya pili ikiwa ndefu zaidi, na Mama Marguerite alitaka lile neno lirudiwe lilivyosemwa, kwa sauti ile ile. Likasemwa. Akatingisha kichwa kwa kuridhika.

"Na firigisi ya kule?" Yves akauliza.

"Alikula kipa."

"Wewe haukuonja?"

"Sheria ni sheria."

Firigisi ya nyumba ilikuwa juu ya bugali wa Yves, mahali pake pa siku zote. Aliitazama. Akaigeuza kwa vidole, akaipuliza ingawa haikuwa moto tena. Kisha bila kumtazama mtu yeyote aliinyanyua, akaipitisha juu ya sufuria, akaiweka kwenye sahani ya mke wake.

Aimée aliacha kutafuna. Plamedi akainamia chakula chake, mabega yakimtikisika. Mama Marguerite alimtazama mwanawe, akaitazama ile sahani, akageuka akatazama ua wote kuanzia mlangoni mpaka chooni.

"Kula mbio," akamwambia Cadette kwa sauti ya chini. "Majirani wasione."

Lakini Cadette hakula mbio.